Swali la Daraja la Nyamabuye

Siku ya kuniaga ofisini, mkurugenzi alisimama na karatasi yake akasema kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa mfanyakazi mtii. Watu wakapiga makofi. Nikapewa redio na shati, nikala nyama, nikarudi nyumbani Bwiza. Lakini neno lile lilinikaa kooni. Mtii! Nimeitwa majina mengi kazini, mengine kwa Kifaransa, na hakuna lililoniudhi kama hilo. Ninyi vijana mnaobaki pale kwenye ofisi ya tafsiri mlilisikia, na baadhi yenu niliwaona mkitikisa kichwa kama watu wanaopokea mfano. Basi kabla hamjaupokea, someni hapa kwanza.

Ukalimani niliuanza mahakamani, Bujumbura ikiitwa bado Usumbura. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa mawese, akivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, Kongo, na kurudi. Kiswahili nilikipata kwake, Kirundi nilikipata kwa baba, na Kifaransa nilikipata kwa fimbo ya mabruda wa misheni. Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Lukogo, Mkongo mfupi mwenye koti la mikono mirefu kupita vidole vyake. Siku yangu ya kwanza mahakamani shahidi mmoja alimtukana hakimu kwa Kirundi, tusi zito la nguoni. Nikalipunguza makali, nikasema shahidi haridhiki. Lukogo alinivuta pembeni wakati wa mapumziko.

"Stani, nani alikuambia shahidi haridhiki?"

"Mzee, ilikuwa matusi."

"Najua ni matusi, mi pia nina masikio. Tusi ni ya mwenyewe. Yeye ameitoa mu kinywa yake, we unairudisha mu tumbo yako? Itakuua. Mukalimani anasema *mimi*, anasema yote, halafu anakunywa maji."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Kusema *mimi* maana yake ni hii: mtu akisema "nina njaa," wewe husemi "anasema ana njaa." Unasema "nina njaa," hata kama umetoka kula sasa hivi. Wageni katika kazi hii huliona jambo dogo. Ngojeni.

Uhuru ulipokuja na wabunge wakachaguliwa, mimi na Lukogo tulihamishiwa Baraza lao. Wabunge wengi walisema Kirundi, kwa sababu ndicho walichoombea kura. Mawaziri wengi walisoma majibu yao kwa Kifaransa, kwa sababu ndicho yalichoandikiwa na watu wa ofisini mwao, na baadhi ya hao watu walikuwa bado Wabelgiji. Kati ya pande hizo mbili tulisimama sisi. Hatukuwa na vyumba vya vioo wala vile vidude vya masikioni mnavyovigombania leo. Nilikuwa na stuli, penseli fupi, leso ya jasho, na glasi ya maji iliyokuwa ikinywewa na kila mtu aliyepita. Feni za ukumbini zilitoa kelele kuliko upepo. Nilisikiliza, nikachora alama zangu, msemaji akinyamaza nikasimama kumsemea.

Siku za maswali ndizo zilizokuwa ngumu. Mbunge aliandika swali lake, likapelekwa kwa waziri, na siku ikifika waziri alisimama kulijibu. Mbunge alikuwa na haki ya kuinuka tena na kusema kama ameridhika. Maswali mengi yalikuwa ya aina moja: kwa nini barabara ya lami inaishia pale, kwa nini hospitali iko kule na si kwetu, kwa nini kila gunia la saruji linaloshuka bandarini halivuki milima kwenda mashariki. Kila mkoa ulijiona umesahauliwa, na mingi ilikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Mawaziri nao walikuwa na njia zao. Yuko aliyejibu swali la jirani badala ya lile aliloulizwa. Yuko aliyesifu swali mpaka muda ukaisha. Na wengi walisema maneno mawili ya Kifaransa, *à l'étude*, yaani jambo linachunguzwa. Kwa Kirundi tulikuwa tukisema *turacavyiga*, bado tunalisoma. Baada ya miezi michache wabunge walikuwa wakicheka kabla sijafika mwisho wa neno. Mara moja Lukogo alipata msiba wa kikazi: waziri alitaja *crédits*, akimaanisha fedha zilizotengwa, na mzee akazifanya deni. Wabunge wa mkoa mzima walisimama wakipiga kelele kwamba hawajawahi kukopa chochote kwa mtu. Lukogo alikunywa maji ya glasi nzima, akarekebisha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Lakini pengine nimesema ukweli mbele ya wakati."

Katika ukumbi huo ndipo nilipomjua Mheshimiwa Bukuru.

Alikuwa mbunge wa upande wa Moso, kule chini mashariki ambako joto na mbu havimwonei mtu haya. Kabla ya siasa alikuwa akiuza chumvi na ngozi. Mtu mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na koti moja la kaki alilolivaa mvua na jua. Kiswahili alikijua cha masokoni, kwa hiyo tukikutana barazani nje ya ukumbi tulizungumza Kiswahili.

Swali lake lilikuwa moja. Kwao kuna mto unaoitwa Nyamabuye. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka kwa miguu. Masika yakifika, tarafa yote ya ng'ambo inakatwa: soko liko upande wa pili, na zahanati ya masista iko upande huohuo. Bukuru aliuliza serikali itajenga daraja lini.

Waziri aliyehusika simtaji jina. Alikuwa kijana aliyesoma, mwenye tai nyembamba, si mtu mbaya. Alikuwa na mikoa mingi na pesa kidogo, na alikuwa amejifunza kwamba mtu asiyejibiwa huchoka. Akajibu kwamba suala la madaraja ya mashariki limo katika mfumo wa mpango wa jumla ambao uko *à l'étude*. Nikasema kwa Kirundi. Bukuru akainuka.

"Sijaridhika," akasema, akaketi.

Kikao kilichofuata akaliuliza tena. Waziri alikuwa safarini, akamtuma mwenzake wa wizara nyingine, naye akasema hana maelezo. "Sijaridhika." Kikao kingine waziri alikuja na ramani kubwa, akaonyesha kwa fimbo milima, mabonde na mistari ya rangi. Ilikuwa ramani nzuri. Bukuru akaomba ruhusa, akaenda mpaka mbele, akaitazama kwa karibu kama mtu anayechagua kitambaa.

"Mheshimiwa Waziri, Nyamabuye iko wapi hapa?"

Waziri akatafuta kwa fimbo. Fimbo ikazunguka, ikapanda, ikashuka. Hatimaye akasema kwamba mito midogo haikuchorwa.

"Ni midogo hapa mjini," Bukuru akasema. "Sijaridhika."

Wenzake wakaanza kumchoka. Walimwita Mheshimiwa Nyamabuye. Mwenyekiti wa Baraza akamshauri aulize mambo ya taifa. Akajibu kwamba amelitafuta taifa mahali pengine akalikosa. Lile analolijua linaishi ng'ambo ya mto.

Ndipo waziri alipofanya kosa. Siku hiyo alikuja bila karatasi, amekasirika, akasema kwamba labda Baraza lifahamu kuwa Mheshimiwa Bukuru ni mfanyabiashara wa chumvi, kwamba daraja likijengwa chumvi yake itapita, na kwamba fedha za umma si za kurahisishia watu faida zao. Kisha akaketi. Nikasimama, nikayasema yote kwa Kirundi, na sauti yangu haikupunguza kitu.

Bukuru aliinuka polepole. Alisema kwa Kirundi, nami sasa zamu yangu ilikuwa kumsemea kwa Kifaransa, upande wa waziri. Niliyoyatamka mbele ya watu wote ni haya, na niliyatamka hivihivi:

"Ni kweli nina faida yangu pale. Mke wangu aliitwa Rosata. Masika ya mwaka mmoja uchungu ulimshika usiku, tukambeba kwenye machela, tukafika mtoni. Zahanati ilikuwa inaonekana. Tuliona taa ya masista. Tulikaa ukingoni tukingoja maji yapungue, hayakupungua. Nimemzika upande wetu. Chumvi yangu, Mheshimiwa Waziri, haina haraka."

Mimi, niliyekuwa na mke hai nyumbani Bwiza akinisubiri na maharage, nilisema "mke wangu," nikasema "nimemzika." Nilifika neno la chumvi nikashindwa kidogo. Nilikunywa maji, nikamaliza. Sikumtazama Bukuru. Nilimtazama waziri, maana ndiye niliyekuwa nikisema naye, na yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Jioni ile mkuu wa ofisi ya waziri alinisubiri mlangoni. Alinijua tangu mahakamani, tukaongea Kiswahili.

"Stani, we ni mutu wa akili. Kesho bwana Bukuru akiinuka tena, utafupisha."

"Kufupisha namna gani?"

"Unatoa maana tu. Ile mambo ya mabibi, ya mamachela, unaacha. Waziri hatalala leo."

"Apana. Mi sifupishi. Waziri akitaka fupi, aseme fupi, na mi nitasema fupi."

"Unajua kazi yako iko chini ya nani?"

"Iko chini ya Baraza. Na hata ingekuwa chini yako, mudomo iko yangu."

Alinitazama sana. Nilikuwa na watoto wanne na nyumba ya kupanga. Nilikwenda moja kwa moja kwa Lukogo, nikamweleza. Mzee alikuwa anavua viatu. Akasema, "Vizuri. Kesho tutasimama wawili." Na kweli kesho yake, ingawa haikuwa zamu yake, alileta stuli yake akaiweka kando ya yangu. Mkuu wa ofisi ya waziri aliziona stuli mbili. Kumfukuza mkalimani mmoja ni rahisi. Kufukuza wawili kulitaka maelezo, na maelezo yangetaka kutafsiriwa.

Siku hiyo Bukuru hakutoa hotuba. Alisema, "Mheshimiwa Waziri, leo nataka neno moja. Je, serikali itajenga daraja la Nyamabuye? Ndiyo au hapana."

Waziri akaanza na mfumo wa mpango. Bukuru akabaki amesimama. Waziri akataja wafadhili. Bukuru amesimama. Mwenyekiti akamwomba akae. "Nitakaa nikisikia neno," akasema. Kule nyuma mbunge mmoja aliyekuwa akimcheka siku zote akainuka naye, akasimama kimya. Kisha mwingine wa Kirimiro, ambaye daraja lile halikumhusu hata kidogo. Kisha safu nzima. Waziri aliwatazama, akafunga faili, na kwa mara ya kwanza akasema Kirundi kwa kinywa chake mwenyewe. Sikuwa na kazi ya kufanya.

"Hapana," akasema. "Si mwaka huu, si mwaka kesho. Hakuna pesa, na zikipatikana kuna barabara zinazotangulia."

"Asante," Bukuru akasema. "Nimeridhika." Akaketi.

Nawaambia, nilimkasirikia. Nilimfuata nje, nikamkuta anavuta sigara kana kwamba ametoka kununua kiberiti.

"Mheshimiwa, umepigana wakati yote hii kwa kupata *apana*?"

"Stani, sikia. Watu wangu kule walikuwa wanangoja. Kila nikirudi wananiuliza, serikali imesema nini? Mi nasema, inasoma. Basi nao wanangoja isome. Mutu mwenye kungoja hawezi kushika shoka. Sasa nitawaambia ni *apana*. Utaona."

Mapumziko ya Baraza yalipofika alikwenda kwao. Niliyoyajua baadaye niliyajua kwake na kwa wengine. Alikusanya watu, akawapa jibu la waziri bila kulipamba. Wakakasirika, kisha wakaenda msituni. Walikata miti mikubwa ng'ambo zote mbili. Masista wakawaazima msumeno. Wanawake walibeba mawe kwa vichwa na kuyapanga kwenye vikapu vikubwa vya mianzi kuwa nguzo. Kabla ya masika kulikuwa na daraja la magogo, gari dogo linapita likiendeshwa na mtu asiye na wasiwasi.

Mkuu wa mkoa akapata habari. Akatoa amri livunjwe, kwa sababu halikuwa na kibali wala halikukaguliwa na fundi wa serikali. Watu wakakataa. Wakaweka zamu ya kulilinda, wazee mchana, vijana usiku.

Bukuru akarudi Bujumbura na swali jipya, na siku hiyo watazamaji walijaa mpaka milangoni. Aliuliza serikali isiyoweza kujenga inapata wapi nguvu ya kubomoa. Waziri, aliyekuwa amejifunza ubaya wa kusema *hapana*, akarudi kwenye karatasi yake. Akasoma kwamba uhalali wa daraja hilo uko *à l'étude*.

Nikainuka, nikasema neno lile la Kirundi mnalolijua. Hakuna aliyecheka. Bukuru alikuwa tayari amesimama.

"Vizuri sana," akasema. "Basi mlisome taratibu, msiharakishe. Sisi tutakuwa tunapita juu yake mpaka mmalize."

Hapo ukumbi ukavunjika. Walicheka upande huu, wakacheka upande ule, mwenyekiti akapiga meza huku mabega yanamtikisika. Na waziri mwenyewe, nasema nilichokiona, akaweka karatasi chini akacheka mpaka akavua miwani. Amri ya kuvunja haikufutwa kamwe. Haikutekelezwa pia.

Baraza halikudumu sana baada ya hapo. Asubuhi moja nilifika nikakuta askari mlangoni, mmoja wao akaniambia kwa upole kabisa kwamba kazi hiyo haipo tena. Nilimwambia nimeacha leso yangu ndani. Akaenda akaniletea. Bukuru alirudi Moso kwa chumvi yake. Lukogo alivuka mpaka kwenda kwao, akafia huko akiwa mzee, na koti lake. Mimi nilipewa meza katika ofisi hii mnayoijua, na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa bado nzuri, wakubwa walinichukua katika ziara za mikoani kuwasemea.

Mwaka mmoja nilichukuliwa ziara ya Moso. Mkubwa tuliyefuatana naye alikuwa mgeni katika mambo yale, amelelewa nje, Kirundi chake kilikuwa cha salamu tu. Baada ya ziara hiyo niliondolewa kwenye ukalimani wa sauti, nikapewa kutafsiri vikaratasi vya chanjo ya ng'ombe na mbegu za pamba hadi nilipostaafu. Wengi wenu mmekuwa mkiuliza kwa nini, na nimekuwa nikisema koo. Koo langu lilikuwa zima.

Msafara ulisimama mtoni Nyamabuye. Magogo yalikuwa yamebadilishwa mara kadhaa, nguzo za mawe zilikuwa zilezile. Watu walikuwa wamepangwa kando wakiwa na matawi mikononi, na nyuma kabisa nilimwona Bukuru, nywele nyeupe, koti la kaki. Mkubwa akafungua hotuba yake ya Kifaransa. Ilisema kwamba daraja hili amewapa yeye wananchi wa Moso, kwa niaba ya serikali, nao wanapaswa kulitunza na kushukuru.

Nilisimama. Nikaisema kwa Kirundi, neno kwa neno, kama Lukogo alivyonifundisha: "Daraja hili nimewapa mimi." Nilikuwa nawatazama usoni wale waliolijenga. Matawi yaliacha kupepea. Kisha mama mmoja mzee wa mstari wa mbele, kipara cha mzigo bado kinaonekana utosini, akauliza kama naye anaweza kusema. Mkubwa akatabasamu, akaruhusu.

Mama akasema machache, akanyamaza, akaningoja. Katika mstari wa nyuma Bukuru alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananitazama.

Nikamgeukia mkubwa, nikasema kwa Kifaransa: "Asante kwa hotuba. Mimi nilibeba mawe ya nguzo ya pili, na binti yangu alivunjika mguu kwenye ile ya tatu. Sikukuona. Ulikuwa umebeba upande gani?"

Tabasamu la mkubwa lilibaki pale lilipokuwa, likakauka. Wale wa msafara wakaanza kutazama viatu vyao. Akaniinamia, akasema taratibu, kila neno peke yake, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuokoka:

"Sikusikia vizuri. Hebu rudia alichosema."

Nilikunywa maji. Nikarudia, mara hii kwa sauti kubwa zaidi, ili na madereva wasikie.